Dereva wa Gari la Chanjo

Mwanafunzi mmoja aliandika mistari minne kwenye ripoti ya kazini, na kwa sababu ya mistari hiyo mwanamume aliyempenda alipondwa mkono wa kulia. Jina la mwanamume huyo hakuliandika. Watu wakisikia hivyo humtetea, husema basi msichana hana kosa. Ni kweli jina hakuliandika. Aliandika kazi yake.

Walikutana asubuhi ya Jumatatu kwenye duka la fotokopi mkabala na stendi ya mabasi. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja, mashine moja, na foleni iliyofika barabarani. Kila mtu alikuwa na haraka. Mwanafunzi alikuwa wa pili kutoka mbele. Alivaa sketi nyeusi iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, blauzi ya rangi ya maziwa aliyoshonewa na mama yake, na viatu vya kuazima vilivyombana vidole. Mkononi alishika barua ya chuo iliyosema apokewe kwa mafunzo ya vitendo, miezi minne, katika Kituo cha Masomo ya Usalama cha Kanda. Alitakiwa kuripoti saa mbili na nakala tatu.

Sauti ikatoka nyuma yake.

"Dada yangu, samahani. Nipishe nitoe karatasi mbili tu. Mzigo wangu unayeyuka."

Aligeuka. Aliona mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu, na kiunoni amefunga sweta nzito ya sufu, jua lote lile.

"Unayeyuka? Umebeba nini, siagi?"

"Chanjo za watoto. Gari liko pale nje. Barafu ina saa zake."

"Mwanamume akitaka kupita mbele ya foleni hakosi watoto wa kuwasingizia."

Foleni ikacheka. Mwanamume naye akacheka, hakukasirika.

"Nenda kashike ule mlango wa nyuma. Mkono usipoganda, mimi narudi mwisho kabisa, nyuma ya yule bibi mwenye ndoo."

Mwanafunzi alichungulia nje. Gari lilikuwa jeupe, dogo, limepigwa vumbi jekundu mpaka juu ya matairi, na mlango wa nyuma ulikuwa unatoa jasho. Akampisha. Mwanamume alitoa nakala zake mbili za hati ya mzigo, kisha badala ya kukimbia kwenye barafu yake akasimama.

"Nipe namba yako. Nitakupigia watoto waseme asante."

"Watoto wa chanjo hawasemi asante. Wanalia."

"Basi nitakupigia usikie wanavyolia."

Alimpa namba ili aondoke, foleni ilikuwa inaguna. Alidhani yameishia hapo. Jumatano saa saba mchana simu ikaita, akapokea, na kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa mtoto mchanga anayelia kwa hasira zote alizozaliwa nazo.

"Umesikia?" sauti ya mwanamume ikasema. "Huyo wa kwanza. Wamebaki thelathini na nane."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Kuanzia siku hiyo alimwita Barafu. Naye Barafu, aliposikia anafanya mafunzo wapi, akamwita Mama Usalama. Barafu alikuwa na miaka thelathini na moja, alilala chumba kimoja nyuma ya bohari ya dawa, na ndugu yake wa karibu alikuwa dada yake mkubwa, nesi wa zahanati iliyo mwisho wa barabara ya mashariki, huko alikopeleka chanjo kila Jumatano. Msichana alikuwa na miaka ishirini na mitatu na mama fundi cherehani. Baba alikwishafariki.

Simu zao zilikuwa na saa yake, na sababu ilikuwa Kituo. Lilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye bendera za nchi wanachama uani na zulia linalonuka unyevu. Getini mlinzi alichukua simu ya kila anayeingia, akaitia kwenye kabati la mbao lenye visanduku, akampa mwenyewe kibati cha namba. Msichana alikuwa namba kumi na saba. Simu huipati mpaka utoke nje ya geti, na yeye alitoka mara mbili: saa saba mchana kula, na saa kumi kwenda nyumbani.

"Kwa hiyo katikati hapo wewe ni marehemu," Barafu alimwambia.

"Mimi ni mtafiti."

"Mtafiti wa nini?"

"Matukio. Kila asubuhi nasoma magazeti na barua za huko mipakani, naandika nani kaibiwa nini, wapi, lini. Kila mwezi yanatoka kwenye jarida."

"Kumbe unalipwa kwa umbea."

"Silipwi hata hicho, ni mafunzo. Nyamaza, kula."

"Nikinyamaza utalala. Sauti yangu ndiyo chumvi ya chakula chako, mpenzi, wewe hujui tu."

Saa saba ilikuwa yao. Siku za safari Barafu alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya barabara ya vumbi, akapiga. Siku nyingine alikuja mwenyewe, wakakaa kwenye benchi la saruji nje ya geti wakigawana mkate na mayai. Mlinzi alijifanya anasoma gazeti. Mwezi wa kwanza ulipita hivyo, na wa pili.

Jumamosi moja mchana walikwenda kwenye mgahawa wenye vioo vikubwa karibu na posta. Msichana alivaa gauni la kijani lenye mikono mifupi, na Barafu alivaa shati jeupe aliloliogopa, akawa anakunywa chai kwa mbali kama mtu anayetaka kubusu kikombe na kukimbia.

"Leo unanificha jambo," msichana akasema. "Umetia sukari mara tatu."

"Kuna gogo," akajibu.

"Gogo gani?"

"Kule kwetu mashariki, kabla ya mto. Limelazwa barabarani. Wanaume sita, buti za jeshi, mashati ya nyumbani. Kila gari linatoa kitu. Mimi zamani walikuwa wananiomba barafu ya kutia kwenye soda zao. Nawakatia kipande, tunataniana, napita."

"Na sasa?"

"Sasa wanataka nibebe mifuko yao. Niifiche ndani ya masanduku ya chanjo. Mbele kule kuna ukaguzi wa serikali, na gari la chanjo halifunguliwi, maana ukifungua umeharibu dawa. Wanalijua hilo."

"Mifuko ina nini?"

"Mtu akikuambia usifungue na usiulize, unadhani ni unga wa uji?"

"Umekubali?"

"Nimekataa mara mbili, nikajifanya mjinga. Ya tatu sijui itakuwaje." Aliangalia watu wa meza ya pili, akashusha sauti. "Nimekuambia wewe tu. Bosi wangu hajui, Dada hajui. Kwenye barabara ile gari la chanjo ni langu tu, neno likitoka wanajua limetoka kwa nani. Lisitoke hapa."

"Litoke liende wapi?" msichana akasema, akamshika mkono juu ya meza. Ulikuwa mkono mkubwa, wenye kovu la kuungua kwenye kidole gumba. Alisema kwa moyo wote, na siku ile hapakuwa na uwongo ndani yake.

Uwongo ulikuja baadaye, tena ulikuja umevaa nguo za kazi.

Mwezi wa tatu msichana aliokota barua kwenye faili la magazeti. Manesi wa zahanati za mashariki walikuwa wamelalamika gazetini kwamba chanjo zinachelewa, magari yanazuiwa njiani na watu wasiojulikana. Aliiandika kama tukio, akaipeleka kwa Mhariri. Huyu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, aliyewahi kufanya kazi magazetini miaka ishirini. Alikuwa mkali lakini si mbaya.

"Hii ni nzuri," Mhariri akasema. "Chanzo cha pili kiko wapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Kituo. Tukio lenye chanzo kimoja halichapwi. Lazima kuwe na karatasi, na lazima kuwe na mtu aliyeona kwa macho.

"Sina, mama."

"Basi irudishe kwenye faili. Wanafunzi sita wamepita kwenye kiti hicho, mwanangu, na hakuna aliyechapwa hata tukio moja. Ukiipata hii nitakuandikia chuoni barua ambayo hutaamini ni wewe. Na nafasi ya msaidizi iko wazi."

Alirudi mezani kwake. Alifikiria nafasi ya msaidizi. Alifikiria mama yake anavyotafuta tundu la sindano kwa kugusa, macho yamekwisha. Tena alimfikiria Barafu, hili lazima lisemwe. Aliona jarida likifika kwa wakubwa, wakubwa wakituma watu, gogo likiondolewa, na Barafu akipita barabara iliyo wazi akipiga honi. Aliona siku atakayomwambia: ni mimi.

Akaandika mistari minne:

*Kizuizi kisicho halali kimewekwa barabara ya mashariki kabla ya mto.*
*Watu sita waliovaa nusu sare hutoza kila gari.*
*Sasa wanajaribu kupitisha mizigo ndani ya masanduku ya dawa.*
*Chanzo cha pili: dereva wa gari la chanjo.*

"Jina umelificha?" Mhariri akauliza.

"Nimelificha."

"Safi kabisa."

Mhariri hakuuliza barabara ile ina magari mangapi ya chanjo. Hajawahi kufika huko, alidhani ni mengi. Msichana alijua ni moja. Aliambiwa kwa mdomo, kwenye meza, na mkono wa mwenye gari ukiwa ndani ya mkono wake. Lakini maneno yalipokaa kwenye karatasi hakumwona Barafu tena na shati lake jeupe. Aliona safu ya chanzo cha pili imejazwa.

Jarida lilitoka Jumatatu. Nakala arobaini zilitiwa kwenye bahasha, zikapelekwa kwenye ofisi za nchi wanachama. Nakala moja ilifika mezani kwa mkubwa ambaye wale wanaume sita walikuwa watu wake.

Wiki ileile Barafu alikuwa na mipango yake. Jumanne asubuhi alikwenda dukani kwa mama wa msichana, akasimama mlangoni kati ya nguo zilizotundikwa, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Suruali imechanika wapi?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba kipimo."

"Cha nini?"

"Cha kidole cha binti yako."

Mama alisimamisha cherehani. Alimtazama kuanzia nywele mpaka viatu, akamrudia tena kuanzia viatu mpaka nywele.

"Dereva," akasema, "wewe unarudi nyumbani kila unapoondoka?"

"Mpaka sasa sijakosa, mama."

"Njoo Alhamisi."

Jioni mama alimwita bintiye amshikie mkono wa blauzi. "Nyoosha kidole."

"Mama, kidole na mkono wa blauzi wapi na wapi?"

"Umesoma sana mpaka unamfundisha fundi kazi. Nyoosha." Alizungusha uzi mwekundu, akafunga fundo, akaukata kwa meno. Binti alielewa. Uso ukamwaka moto, akakimbilia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano.

Saa sita na nusu Barafu alifika kituo cha mafuta cha mwisho. Dereva wa lori la mbao aliyekuwa anatoka mashariki alimshika bega.

"Ndugu yangu, geuza gari."

"Nimekukosea nini?"

"Si utani. Pale kwenye gogo wana karatasi. Wameisoma kwa sauti mbele yetu. Imeandikwa dereva wa gari la chanjo ndiye aliyesema. Wanakusubiri wewe."

Barafu alisimama na bomba la mafuta mkononi. Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani. Alisubiri saa saba ifike, akapiga. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Alipiga mara kumi na moja. Katikati alituma ujumbe: *Umeandika? Nijibu ndiyo au hapana tu, mpenzi.*

Saa saba ile msichana hakutoka getini. Wageni walikuwa wamekuja kutoka ofisi za wanachama, na Mhariri alimzuia wale pamoja ukumbini. Alivaa gauni lake la kijani. Mhariri alimsimamisha mbele ya watu. "Huyu ni mwanafunzi wetu," akasema, "lakini tukio la barabara ya mashariki ni kazi yake." Wakapiga makofi. Aliinamisha kichwa, akatabasamu, akafikiri: leo nitamwambia.

Getini, kisanduku namba kumi na saba kilikuwa kinatetemeka. Mlinzi alikisikia. Sheria ilikuwa asiguse simu ya mtu, na mlinzi hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Alisogeza kiti.

Barafu alisubiri dakika arobaini. Kipimajoto cha gari kilianza kupanda. Ndani kulikuwa na chanjo za surua za zahanati tatu, na kule mbele akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi tangu alfajiri na watoto mapajani.

"Rudi," dereva wa mbao akasema.

"Niliyemwambia hawezi kuandika. Aliniahidi. Angekuwa ameandika angeniambia, na saa hizi angepokea."

"Sasa hiyo karatasi imetoka wapi?"

"Watu wanapenda kutisha watu." Alipanda, akafunga mlango. "Nitawakatia barafu, tutacheka, nitapita."

Hawakucheka. Walimuuliza mara moja tu kama ni yeye, na kabla hajajibu wakafungua masanduku yote, wakamwaga chanjo barabarani. Kisha wakaweka mkono wake wa kulia kwenye fremu ya mlango wa gari, wakaufunga mlango. Wakaufungua, wakaufunga tena. Mmoja alikuwa akihesabu.

Saa kumi msichana alichukua simu yake. Alisoma ujumbe amesimama, kibati bado mkononi. Alipiga pale pale. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga jioni, ikawa imezimwa. Alhamisi imezimwa. Mama yake alikaa dukani siku nzima, uzi mwekundu umebandikwa kwa pini kwenye mto wa sindano, na hakuna aliyekuja.

Ijumaa alikwenda bohari ya dawa. Mtunza bohari alimwangalia kwa huruma. "Hujaambiwa?" akasema. "Yuko hospitali kuu, wodi ya majeruhi."

Mlangoni mwa wodi alimkuta mwanamke mnene mwenye sare ya unesi yenye vumbi jekundu, aliyesafiri na mgonjwa usiku kucha na hajalala. Yeye na Barafu walifanana pua.

"Shikamoo, dada. Mimi ni..."

"Najua wewe ni nani. Wewe ndiye Mama Usalama."

"Naomba nimwone."

"Umwone ili uandike?" Nesi hakupandisha sauti. "Mdogo wangu amekatwa vidole viwili jana. Miezi mitatu nimesikia habari zako mpaka nikachoka. Mama Usalama kasema hivi, Mama Usalama kacheka vile. Nikasema Mungu amempa mtu. Kumbe amempa karani."

"Dada, simu sikuwa nayo. Ilikuwa getini."

"Kalamu je? Nayo ilikuwa getini?"

Msichana aligeuka. Akaondoka. Jumamosi alirudi, akakuta mlango uleule na mtu yuleyule. Jumapili alirudi tena, akakaa chini kwenye sakafu ya korido, mgongo ukutani. Baada ya saa mbili sauti ikatoka ndani, nyembamba, lakini yake.

"Dada. Mwache aingie. Atachafua gauni."

Barafu alilala kitanda cha tatu kutoka dirishani. Mkono ulikuwa mzigo mkubwa mweupe uliowekwa juu ya mto, kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa amtunzie. Msichana alikaa kwenye kiti cha chuma. Alianza kulia kabla hajasema neno.

"Ulikuwa umesikia ikiita?" Barafu akauliza.

"Hapana. Sikutoka saa saba. Walinizuia ukumbini, kulikuwa na wageni."

"Kwa hiyo hukunikwepa."

"Wallahi sikukukwepa."

Alifumba macho. Pumzi ndefu ikamtoka. "Hilo ndilo lililokuwa linanila. Kuliko mkono. Nilikuwa naona picha umeshika simu, unatazama jina langu, unaiacha iite." Akafumbua macho. "Wageni wa nini?"

Angeweza kudanganya. Hakudanganya.

"Walikuwa wananipongeza. Kwa tukio la barabara ya mashariki."

Barafu alicheka. Kicheko kilimuumiza, akakikatiza. "Makofi walipiga?"

"Walipiga."

"Vizuri. Angalau mtu alipigiwa makofi."

"Nilidhani wataondoa gogo. Nilidhani nikificha jina nimekuficha wewe. Nisamehe, mpenzi wangu. Nilitaka barua nzuri, nilitaka kazi, sitakuficha. Lakini nilitaka upite pia. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Usiseme haraka hivyo."

"Si haraka. Nina siku nne nimelala hapa, sina kazi nyingine." Alinyoosha mkono wa kushoto, akamfuta shavu kwa kidole gumba. "Mama Usalama, mimi sijaacha kukupenda. Ningekuwa nimeacha ningelala."

Aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili. "Mama alinipima kidole kwa uzi. Anao. Mimi nakubali, kama bado unauliza. Nakubali hapa hapa, na hiyo harufu ya dawa."

Kwenye kitanda cha jirani mzee mmoja alikuwa anakohoa.

"Wamesema wakiniona tena mjini au barabarani, wanamalizia," Barafu akasema. "Jumanne Dada ananipeleka kwa mjomba, ng'ambo ya mpaka."

"Nitakuja na wewe. Chuo nitakiacha."

"Hapana."

"Kwa nini? Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Umeingia hapa, kabla sijakuangalia usoni nimekuangalia mikono. Nimetafuta kalamu." Akageuzia uso dirishani. "Sikutaka kufanya hivyo. Macho yamekwenda yenyewe. Mke ni mtu wa kuambiwa mambo, mpenzi. Mimi nikitaka kukuambia jambo nitakuwa naanza na mikono. Asubuhi, jioni, mpaka tuzeeke. Utachoka. Nami nitachoka."

"Itapita."

"Labda. Ikipita nitakupigia."

Nesi aliingia na dawa, akasimama kando mpaka msichana alipoinuka. Mlangoni alimshika begani, mara moja, akamwachia.

Jumanne basi liliondoka stendi saa tatu asubuhi. Msichana alisimama mbele ya duka la fotokopi, mahali pale pale. Foleni ilikuwa ndefu na mashine ilikuwa inalia. Barafu alikaa upande wa dirisha, sweta ya sufu mabegani, mkono mweupe kifuani. Alimwona. Aliinua mkono wa kushoto, akaubandika kwenye kioo kama anayetaka kujua iwapo utaganda. Basi likazunguka kona.

Msichana alimaliza mwezi uliobaki. Alimwambia Mhariri kila kitu, na Mhariri alivua miwani, akakaa na mikono usoni. "Ulisema jina umelificha," akasema. "Nililificha, mama," msichana akajibu. Nafasi ya msaidizi hakuichukua. Alikwenda kukaa dukani kwa mama yake, akawa anamtungia uzi kwenye sindano.

Hakuna simu iliyokuja.

Gharama yenyewe ni hii. Vidole viwili vilikatwa, cha tatu hakikunji. Kazi ya miaka tisa iliisha, na leseni iko kwenye droo ya mjomba. Gogo liliondolewa kabla ya mto likawekwa baada ya mto. Zahanati tatu zilikaa wiki saba bila chanjo, kwa sababu hakuna dereva mwingine aliyekubali barabara ile. Nesi aliandika kwenye daftari lake wagonjwa wa surua kumi na tisa. Kumi na saba walipona. Uzi mwekundu bado umebandikwa kwa pini kwenye mto wa sindano, na mama akiutumia mto huo huukwepa uzi. Chuo kilimpa mwanafunzi alama A.